Band-in-a-Box: andika kodi (chord) kwa namba, ufunguo uhame wenyewe

Kwa wapiga kinanda wa kwaya hapa Mwanza, hasa mnaopokea nyimbo zimeandikwa kwa sol-fa: si lazima ugeuze kila kodi kuwa herufi kichwani. Band-in-a-Box, programu ya kompyuta inayopiga usindikizaji kutokana na kodi unazoandika, inapokea namba moja kwa moja. 1 ni kodi ya do, 4 ya fa, 5 ya so.

Anza na ufunguo, kabla ya kodi yoyote. Doh ikiwa G, weka G, kisha andika 1, 6m, 4, 57. Programu itaandika G, Em, C, D7. Hiyo 57 si hamsini na saba, ni kodi ya tano yenye saba. Ile m usiisahau: 6 tupu inakupa E kubwa (major), na sauti ya pili ndiyo itakayoumia.

Kuhusu nafasi, Enter moja inasogea midundo miwili. Kodi ikikaa baa nzima ya 4/4 (midundo minne), bonyeza mara mbili. Ukisahau, wimbo wote unabanwa nusu.

Mwalimu akisema soprano wanabanwa, tushushe hadi F, nenda kwenye orodha ya funguo uchague upande unaohamisha na kodi. Upande wa pili hubadilisha alama za ufunguo tu, kodi zinabaki za G. Hapo ndipo wengi hukwama na kudhani programu mbovu.

Wimbo wa la ndogo (minor)? Acha doh palepale, anzia 6m.