Ukiitwa Kwenye Jopo la Kumwajiri Meneja wa Jiji la Nakuru

Kabla hujafungua bahasha hata moja, soma Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Meneja huajiriwa kwa ushindani na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Si gavana anayemchagua. Kwa hivyo mkubwa akikupigia simu usiku kuhusu mtu wake, mwambie huyo mtu alete maombi ofisini kama wenzake. (Simu hiyo itakuja. Nimefanya kazi ya uajiri hadi kustaafu, na sijaona kiti chenye mshahara mnono kikakosa mpwa wa mtu.)

Shahada, miaka mitano ya uzoefu wa usimamizi, vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na cha polisi cha maadili mema: hayo karani atayapanga.

Tangazo lieleze kazi ilivyo. Nakuru ilipata hati ya jiji Desemba 2021, na wapo wanaodhani meneja ni meya wa zamani aliyebadilishiwa jina. Meneja hana mfuko wake. Bajeti hupita bunge la kaunti, na kazi zake ni zile ambazo kaunti imeikabidhi bodi ya jiji. Lisemeni waziwazi, anayeota mkufu wa meya ajiondoe mapema.

Sasa mahojiano. Waliobaki baada ya mchujo watembezeni mjini, mmoja mmoja, njia ile ile na saa ile ile: Kenyatta Avenue hadi soko la Wakulima, saa kumi na moja jioni, wachuuzi wakishatandika na matatu zinagombania abiria. Wewe nyamaza. Tazama anaongea na nani, kama anachungulia mitaro, kama anaona kiti cha magurudumu kitapita wapi. Niliwahi kumtembeza mmoja akasimama kwa mama wa nyanya, akamuuliza, "Ushuru wa leo umemlipa nani, na risiti iko wapi?" Huyo tulimpa alama nyingi kuliko mwenzake aliyetusimulia Kigali njia nzima.

Mkirudi mezani, wote waulizwe swali moja: wachuuzi wamejaa mbele ya maduka, wenye maduka wanatishia kutolipia leseni, MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, anapiga simu akitaka kanjo, askari wa kaunti, waondoke. Unaanza wapi? Anayejibu "nitaitisha kikao cha wadau" kisha akanyamaza, mpe sifuri. Nataka anionyeshe wachuuzi watahamia wapi kabla lori la kanjo halijawasha injini, na MCA atajibiwa nini kwa maandishi.

Muulize pia ameshamkatalia nani aliyemzidi cheo. Na atakavyoajiri walio chini yake: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka jamii iliyo kubwa katika kaunti. Mji wenyewe ni wa mchanganyiko, na wananchi huona nani ameketi kwenye dirisha la leseni.

Kila mwanajopo aandike alama kabla ya mjadala. Mwenyekiti aseme mwisho. Kwa idhini ya mwombaji, zungumzeni na mtu aliyefanya kazi chini yake, maana wadhamini aliowataja mwenyewe watamsifu tu.

Karatasi za alama zitiwe sahihi siku hiyo hiyo na kufungiwa kabatini. Aliyekosa anaweza kwenda mahakamani, na wakili wake ataanza kwa kuziomba.