Kupima uangavu wa maji ya ziwa
Chukua sahani ya Secchi, ile ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, uifunge kwenye kamba. Loweka kamba kwanza ndipo utie alama kila sentimita 10. Kamba kavu ikilowa hubadilika urefu, nami niliwahi kutupa vipimo vya wiki nzima kwa sababu hiyo. Iliniuma sana. Toka Kirumba, mwalo wa Mwanza, mapema, ila pima jua likiwa juu, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha polepole hadi sahani ipotee, andika kina kwenye kamba. Ivute hadi ionekane tena, andika. Wastani wa hivyo viwili ndio kipimo chako. Ukikuta mwani umetanda kijani, mzito kama mlenda, usiusukume kwa kasia. Pima palepale, uandike na rangi yake.