Namna ya kutumia "have" kwa kazi uliyofanyiwa na fundi

Kiswahili kinatuachia uhuru mkubwa. Mtu akitoka saluni anasema "nimesuka", akitoka maabara anasema "nimepima malaria", akitoka studio anasema "nimepiga picha za pasipoti", na hakuna anayemuuliza kama kamera aliishika mwenyewe. Shida huanza tunapoingia na uhuru huo kwenye Kiingereza. Ukimwambia Mwingereza "I repaired my phone", atakuona umekaa na bisibisi mkononi unaifungua. Ukisema "I pulled out my tooth", atakuonea huruma.

Kwa kazi za namna hii Kiingereza hutumia "have".

Hatua ya 1: Jiulize nani alishika kifaa

Kama ni wewe, sentensi ya kawaida inatosha: "I washed my car." Kama kazi ilifanywa na mwingine kwa agizo lako au kwa pesa yako, endelea.

Hatua ya 2: Panga maneno

Anza na mwenye kazi, kisha "have", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, lile la mwisho tulilokariri shuleni: take, took, taken.

- "I had my hair braided." Nilisuka nywele.
- "I had my passport photo taken." Nilipiga picha ya pasipoti.
- "She is having a dress made." Anashonesha gauni.
- "We will have the roof repaired." Tutatengenezesha paa.

Angalia kwamba umbo la tatu haliguswi. Wakati wa sentensi, uliopita, uliopo au ujao, unabebwa na "have". Waliofundishwa kuwa "have" haikai na -ing hushtuka wakiona "is having", lakini katazo lile ni la "have" ya kumiliki. Hapa humiliki chochote, unafanyiwa kazi.

Hatua ya 3: Kitu kikae katikati

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa hiyo tusiharakishe. Soma hizi mbili kwa sauti:

"I had my hair cut."
"I had cut my hair."

Maneno ni yaleyale matano, mpangilio tu umebadilika. Ya kwanza: nilinyolewa, kinyozi alifanya kazi yake. Ya pili: nilikuwa nimeshakata nywele zangu, kabla ya jambo jingine kutokea. Kitu kikitoka katikati ya "had" na kitenzi, fundi anatoweka na kazi inakurudia wewe. Kwa sababu hiyohiyo usiifupishe "had" hii kuwa "I'd".

Hatua ya 4: Uliza na kanusha kwa "do"

"Did you have your phone repaired?" "No, I didn't have it repaired." "Where do you have your hair done?" Usianze swali na "had".

Hatua ya 5: Ukitaka kumtaja fundi

Mara nyingi hatajwi, maana hana umuhimu. Akihitajika, mweke mwishoni kwa "by": "I had the trousers shortened by a tailor." Au mlete mbele, kitenzi kirudi umbo la kwanza: "I had the tailor shorten the trousers." Hakuna "to" hapo. Ukitumia "get", "to" inarudi: "I got the tailor to shorten the trousers", na mara nyingi inaashiria ulimbembeleza kidogo.

Wengi hudhani kila -sha ya Kiswahili, kama ile ya "shonesha", ni "make". Ukisema "I made the tailor shorten the trousers", tunamwona fundi aliyegoma na wewe unamkazia macho.

Hatua ya 6: Mabaya yaliyokupata

"I was stolen my phone" nimeisikia hata kwa watu waliobobea. Imetoka moja kwa moja kwenye "niliibiwa simu". Kwa Kiingereza, "I was stolen" maana yake wewe ndiye uliyebebwa. Sema "I had my phone stolen". Hapa hukuagiza mtu, limekupata tu, lakini muundo ni uleule. "My phone was stolen" nayo ni sahihi.

Usiwe mkali kupita kiasi, hata hivyo. Waingereza husema "they built a house" kwa watu ambao hawajawahi kushika mwiko, na "I cut my hair" huipitisha mara nyingine. Ila kwa simu, gari, meno na nguo, tumia "have". Kwenye mazungumzo ya kawaida "I got my hair cut" ni sawa kabisa, ila katika barua rasmi mimi ningebaki na "had".

Jipime

Geuza kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu: (1) Nimeng'oa jino. (2) Kesho nitapima macho. (3) Mlichapisha wapi kadi za harusi? (4) Alivunjiwa kioo cha gari.

Majibu:

1. "I've had a tooth pulled out."
2. "I'm having my eyes tested tomorrow."
3. "Where did you have the wedding cards printed?"
4. "He had his car window broken." Kama ni mwanamke, "she" na "her".