Laisamis hadi Marsabit kwa baiskeli, kikundi kizima

Ondokeni Laisamis, kaskazini mwa Kenya, saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa zikiwaka. Ni karibu kilomita 100 za lami kukatiza jangwa la Kaisut, na ugumu wote uko mwisho: baada ya Logologo barabara inaupanda mlima hadi mjini, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Ndiyo maana nikiongoza simruhusu yeyote kukimbia asubuhi.

Upepo wa huku hutoka kusini mashariki, unawapiga ubavu wa kulia. Msifuatane kwenye mstari ulionyooka; kaeni mshazari ili kila mmoja amkinge upepo anayemfuata. Wa kwanza aache nafasi kutoka ukingo wa kushoto wa barabara, anayefuata akae nyuma yake kidogo kushoto, na kadhalika hadi wanne. Wa tano aanze safu nyingine, maana upana wa lami umeisha. Pokezaneni mbele kila dakika tano, wala mtu asishike breki ghafla. Wa mwisho akisikia lori apaze sauti, "Gari!", wote warudi mstari mmoja.

Maji, lita tano kila mtu, na chumvi kidogo. Kunywa funda kadhaa kila robo saa, kiu au bila kiu.

Mkipumzika chini ya migunga, bebeni baiskeli. Miiba yake hutoboa tairi na tyubu. Ngamia wakivuka, simameni kabisa.

Logologo, kuleni na kujaza chupa. Anayeongea ovyo au kuyumba, joto limemzidi: apakiwe kwenye gari la msaada, hata akikataa.