Mtu akianguka kifafa, kwanza kabisa angalia saa

Naandika hii maana msimu wa korosho ndo umeingia, watu wengi wako mashambani, na msimu wa mwaka juzi mpwa wangu alianguka palepale kwenye turubai tunapoanikia korosho, hapa Mikindani, watu kama kumi wamesimama pembeni wanaogopa povu. Mimi nikakimbilia kijiko nikamtia mdomoni, jino la mbele likakatika. Sitaki mtoto wa mwenzangu yamkute hayo.

Kwa hiyo akianguka tu, toa simu uone saa ngapi. Halafu ondoa panga, mawe, chochote cha kumuumiza, ila yeye mwenyewe usimhamishe labda awe karibu na moto au maji. Kunja kanga weka chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize, acha atikisike. Mdomoni usitie kitu, si kijiko si kidole si maji, na ulimi haumezwi jamani, tuache kudanganyana. Kitunguu na kiberiti cha kunusisha havisaidii chochote. Ukiweza, mgeuze alale ubavu mate yatoke, asipaliwe. Na hilo povu ni mate yamechanganyika na hewa basi, haliambukizi, mshike mgonjwa wako.

Sasa saa ya nini? Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali, na kubwa katika zile za kuwasha inaitwa glutamati. Ya kuzima ni gaba, na ajabu yake gaba inatengenezwa kutoka kwenye glutamati hiyohiyo. Siku ya kawaida seli ikimwaga glutamati, seli za jirani zenye umbo la nyota, astrosaiti, zinaifyonza chap, zinaigeuza glutamini ambayo haiwashi kitu, zinairudisha kwa mwenyewe aitengeneze upya, kama kreti la chupa tupu linavyorudi kujazwa soda. Kifafa kikipiga, kuwasha kunazidi kuzima. Mara nyingi ubongo unakizima kifafa wenyewe ndani ya dakika 1 au 2. Ikifika dakika 5 usitegemee tena, hapo glutamati imezidi, kalisiamu inafurika ndani ya seli na kikizidi kuendelea seli zinaweza kuanza kufa, halafu kibaya zaidi vipokeo vya gaba, yani sehemu za seli zinazoipokea, vinaanza kujificha ndani ya seli, na diazepamu, dawa ya kukatiza kifafa, inafanya kazi kupitia hivyohivyo, yani kila ukichelewa sindano inazidi kukosa nguvu.

Dakika 5 zikitimia ni hospitali, tena kwa bajaji au gari, bodaboda hapana, alale ubavu njia nzima. Mtoto mwenye homa, mjamzito, mtu aliyeangukia majini, anayeanguka kwa mara ya kwanza, au anayepigwa tena kabla hajazinduka, hao usisubiri dakika ngapi. Degedege la mtoto hasa, huku kwetu malaria ipo, usianzie kwa mganga.

Kuna wanaoogopa ajinomoto sababu nayo ni glutamati. Ya kwenye mchuzi haipiti kirahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, isiwape presha.

Dawa ndo msingi. Fenobabito inaipa nguvu gaba, kabamazepini inazituliza seli zisifyatue ovyo, na zote ukiziacha ghafla kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko mwanzo, hata kama umekaa miezi hujaanguka. Weka alamu kwenye simu. Ukienda dago, kule kambi ya wavuvi, beba vidonge vya siku zote za huko na vya ziada, maana upepo ukichafuka hurudi leo. Ngalawani usiwe peke yako, na juu ya mkorosho apande mwingine.

Mpwa wangu tumemnunulia daftari. Kila akianguka tunaandika tarehe, saa, dakika ngapi, ulianza mkono gani, alikuwa kameza dawa au la. La mwisho limeandikwa dakika 1 na sekunde 50, mkono wa kushoto, dawa alisahau juzi yake, na daktari alipolisoma hilo akaanza kuuliza maswali ambayo hakuwahi kutuuliza kabla.