Somo: Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka

Wakuu, dirishani kwangu pa dawa kilio ni kilekile: "Nimemaliza tyubu mbili, mapunye yamerudi." Hayajarudi, hayakuwa yameondoka. Fangasi yumo ndani ya unywele mpaka shinani, na krimu inaishia juu ya ngozi.

1. Mtoe mtoto kwenye mwanga, penua nywele. Utaona kiraka chenye magamba, nywele zimekatikia usawa wa ngozi zikaacha vidoti vyeusi. Mara nyingine na vitezi nyuma ya shingo. Kipara laini kisicho na magamba ni habari nyingine.

2. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, maana dozi hufuata kilo. Griseofulvini, dawa ya fangasi, humezwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, maharage ya nazi. Akiimeza na chai kavu, nyingi inapita bure. Na msiache wiki ya tatu eti kichwa kimetakata! Hapo ndipo wengi wanakatiza tiba.

3. Shampuu ya ketokonazo mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 5. Haiponyi, inapunguza kuambukiza wenzake.

4. Kofia, kitana na taulo, kila mtoto chake. Kagua vichwa vya ndugu zake, na paka wa nyumbani pia.

Tyubu zenye betamethasoni au klobetasoli (steroidi, haziui fangasi) kaeni nazo mbali. Muwasho unatulia siku mbili, huku fangasi anatambaa na kubadili sura hata daktari anababaika.

MASWALI

– Kitunguu saumu je, dada?
Kibichi kinaunguza. Nimeshasafisha malengelenge ya mtoto kwa sababu hiyo.

– Aende shule?
Akishaanza dawa, aende.

– Mimi ni kucha za miguu, nene na za njano. Ninunue nini?
Usinunue kwanza. Si kila kucha nene ni fangasi. Kipande kipimwe maabara. Ikithibitika, kwa kawaida ni tabinafini, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 250 kwa siku, wiki 12, na ini liangaliwe. Kucha ya dole gumba huchukua mwaka au zaidi kuota yote, kwa hiyo usiihukumu mwezi wa pili.

– Mtoto wangu amevimba kichwani penye mapunye, panatoa usaha. Nipasue?
Usiguse, mama. Hospitali leo hii. Pakichelewa nywele hapo hazioti tena.