Kuchambua 1,234,567,890 kuwa vigawo tasa, kwa kalamu na karatasi

Mwanzo wa namba hii ni mteremko, halafu inakaza ghafla.

Anza na yanayoonekana kwa macho. Inaishia na 0, basi inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 45, kigawe cha 9, basi ina 3 mbili. Gawanya kwa 90, upate 13,717,421. Wengi hutoa 3 moja tu na kuisahau ya pili, kwa hiyo jumlisha tena tarakimu za kilichobaki: 26, haigawanyiki kwa 3. Hapo umemaliza vigawo vyepesi.

Kazi yenyewe iko kwenye hiyo 13,717,421. Ukigawanya kwa namba tasa moja moja kuanzia 7, utafika karibu mara 500 kabla ya kupata kitu. Jaribu kwanza njia ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17: tafuta x ambayo mraba wake, ukitoa namba yako, unaacha mraba mwingine, y². Kwa kuwa x² − y² = (x − y)(x + y), vigawo vinajitokeza vyenyewe.

Kipeuo cha pili ni 3,703 na ushee, kwa hiyo x inaanzia 3,704:

3,704² = 13,719,616. Toa namba yetu: 2,195. Mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Huu si mraba.

3,705² = 13,727,025. Toa: 9,604, ambayo ni 98².

Basi vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803. Tumepata upesi kwa sababu viwili hivi vinakaribiana. Vikiachana mbali, njia hii huchosha kuliko kugawanya. Ndiyo maana vigawo vidogo hutolewa kwanza.

Usiamini bado kwamba ni tasa. Kwa 3,607 jaribu namba tasa kuanzia 7 hadi 59, kwa 3,803 hadi 61. Zote zinaacha baki. Kwa hiyo:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Idadi ya vigawo vyote, tasa na visivyo tasa: ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha. 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48.

Jumla ya vigawo hivyo vyote: 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804 = 3,211,610,688. Hiyo 13 ni 1 + 3 + 9. Anayeandika 10 amesahau 3 ya katikati.

Namba zisizozidi hii ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1: toa 1 kwenye kila namba tasa, kisha zidisha. 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288. Kwa 3², kwa kuwa 3 ni mbili, moja tu ndiyo hupunguzwa: 3 × 2, si 2 × 2.

Mwenye kompyuta ya Linux ahakiki kwa amri factor 1234567890. Itamjibu 2 3 3 5 3607 3803.